Yadi Sita za Mushin

Mume wangu hajawahi kukubali kwamba ametoka Lagos. Ukimwambia "wewe wa Lagos" anakusahihisha palepale: "Mushin." Mushin ni halmashauri moja tu ndani ya jiji hilo kubwa, ina mwenyekiti wake na madiwani wake, na ukimsikiliza mume wangu utadhani wanaoishi sehemu nyingine za Lagos ni watu waliokosa nafasi Mushin. Kazini kwake Mswidi mmoja alimwuliza, kwa adabu kabisa, Mushin iko karibu na nini. Akajibu kwamba swali limegeuzwa, ni vitu vingine ndivyo vilivyo karibu na Mushin.

Mimi ni mtu wa Tanga, na majivuno hatujambo, kwa hiyo tulielewana. Tulioana mwaka 2004, tukapanga Alby, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tatu. Ambaye hakuelewana nami ni mama yake, na wala tulikuwa hatujaonana. Kosa langu lilikuwa moja. Alimwuliza mwanawe kwenye simu, "Msichana anatoka wapi?" Akajibiwa Tanzania. "Hiyo ni nchi. Nimeuliza anatoka wapi." Akatajiwa Tanga. Mama akaulizia soko lake zima, hakupatikana hata mmoja aliyewahi kusikia Tanga. Basi nikahesabiwa mtu asiye na kwao. Mimi! Mtu wa Ngamiani, Tanga mjini kabisa, babu zangu wote wamezikwa palepale!

Kwao Wayoruba, mke anaitwa *iyawo*, na haitwi na mume peke yake. Ukoo mzima humwita hivyo, kwa kuwa ni mke wa nyumba nzima. Wake wa shemeji zangu kule Mushin wote waliitwa iyawo. Mimi kwenye simu niliitwa "wewe." Nilipozaa, nikapandishwa cheo, nikawa "mama wa mtoto." Nilikuwa nikikata simu naenda jikoni kusugua sufuria ambayo haina hata doa.

Mtoto alizaliwa Februari 2006, na mama mkwe akatangaza kwamba mwezi wa tano anakuja kumwona. Watu wa Mushin wa Stockholm wakapanga sherehe yao ya mwaka ikutane na ujio wake, katika ukumbi wa wapangaji kule Norsborg. Mama alikuwa muuza vitambaa sokoni tangu usichana wake. Akatanguliza kifurushi kwa mkono wa msafiri: yadi sita za kitambaa cha zambarau chenye ndege wa njano. Kwao, penye sherehe, watu wa nyumba moja huvaa kitambaa kimoja, na hicho ndicho kinachosema nani wa nyumba ile na nani amefuata wali. Akapiga simu. "Picha zenu za harusi zina giza, sura sizioni. Nitamjua kwa kitambaa."

Nilikichukua kile kitambaa nikakinusa, nikalia kidogo, sioni aibu kusema. Nilijua akiniona nimekivaa ataniita iyawo, na mambo ya Tanga yatakuwa yamekwisha.

Sasa sikia nilichokifanya.

Ghorofa ya pili, chini yetu, alikaa shoga yangu mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, mwanamke wa kimo, mwili na sauti. Siku uchungu uliponishika mume wangu alikuwa kazini na theluji imefika magotini. Yeye ndiye aliyenibeba-beba hadi kwenye teksi, akanishika mkono saa kumi na moja zote, akamfokea mkunga kwa Kifaransa, akanipikia uji siku arobaini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Na kwetu Tanga, mtu wa namna hiyo unagawana naye doti ya kanga, kipande kimoja wewe na kingine yeye, mkitoka nje mnajulikana kwamba hawa ni wamoja. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua mkasi, chwaa, yadi tatu zangu na tatu zake. Mume wangu nilimwambia. Alikuwa anatazama mpira, akasema sawa.

Kulikuwa pia na suala la magoti. Mke kwao humsalimu mama mkwe kwa kupiga magoti yote mawili, chini kabisa, na siyo kuinama kidogo kama anayeokota sindano. Nilifanya mazoezi wiki tatu. Shoga yangu akikaa kwenye kochi langu, taulo amelizungushia kichwani kama kilemba, yeye ndiye mama mkwe. "Rudia!" alikuwa akinifokea. "Uko nakunja mugongo sawa muzee! Rudia, bibi!" Alipochoka kukaa alisimama akanionyesha jinsi inavyofanywa, na kusema kweli alikuwa ananipita mbali.

Ndege ya mama ilichelewa siku mbili, ikatua Jumamosi yenyewe ya sherehe. Mume wangu akaenda kumpokea Arlanda amlete moja kwa moja ukumbini. Mimi nilikuwa jikoni mle ukumbini nakaanga ndizi, nimevaa aproni kubwa ya plastiki juu ya nguo yangu, maana yadi tatu zilitosha sketi tu, juu nilikuwa na blauzi nyeupe ya dukani. Kwa kuwa mafuta yalikuwa yanaruka, nilikuwa nimemkabidhi shoga yangu mtoto, akamfunga mgongoni.

Mume wangu akamshusha mamake mlangoni, akaenda kutafuta maegesho.

Mama akaingia peke yake. Mwanamke mdogo, mwembamba, kilemba kimezidi mabega. Akatazama huku, akatazama kule, akaona zambarau na ndege wa njano, akaona na mtoto mgongoni. Atafute nini tena? "Iyawo wa!" akalia, mke wetu! Watu wakapiga makofi. Na yule shoga yangu, mazoezi ya wiki tatu yakampanda, akashuka kwa magoti yote mawili, mgongo umenyooka, mtoto hata hakutikisika. Ukumbi ukampigia vigelegele. Mama akamwekea mikono kichwani akamwombea dua ndefu, machozi yanamtiririka.

Mimi nikatoka jikoni na sinia la ndizi. Jamani! Kitumbua changu kiliingia mchanga nikiwa nakitazama. Mama mkwe akanitupia jicho, akaona aproni, akaniagiza maji, yasiwe ya baridi. Na mimi nifanye nini? Nikaenda nikaleta maji. Nikampa kwa magoti, magoti yangu mabaya yale. Akamgeukia shoga yangu, akasema kwa Kiingereza chao, "Hata mpishi wenu ana adabu."

Nilimkonyeza shoga, nikamkanyaga. Akaninong'oneza, jasho linamtoka: "Ule mama ananikumbatia, analia. Nitamwambia je ya kama iyawo siko mimi?"

Mume wangu akaingia akichezesha funguo za gari. Akamkuta mamake ameshikana mikono na jirani wa chini, akimlaumu, "Uliniambia ni mwembamba! Kwa nini unamsingizia mke wako?" Akamtazama mama, akamtazama shoga, akanitazama mimi na sinia. Akasema, "Mama. Iyawo ni huyu wa ndizi."

Mama akanisogelea, akaishika aproni kwa vidole viwili akaifunua. Akaiona sketi, akaiona blauzi ya dukani. "Yadi tatu nyingine nani kazila?"

Nikaeleza. Nikaeleza uchungu, theluji, teksi, uji, nikaeleza doti ya Tanga. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, na taratibu ile ndiyo iliyoniumiza: "Mushin nimeona watu wakigombania kitambaa cha nyumba, nimeona wakikiiba. Sijaona mtu aliyepewa nyumba akaikata katikati akampa jirani."

Akakaa kwetu wiki tatu, akaninunia wiki tatu. Akiniita mbele ya wageni, mimi ni "yule wa nusu." Lakini kila alasiri, wallahi, alikuwa akijifunga kilemba na kushuka ghorofa ya pili kunywa chai na shoga yangu! Huyu ana Kiyoruba na Kiingereza, yule ana Kiswahili na Kifaransa, na nikisimama kwenye ngazi nasikia vicheko. Wivu ulinikaba. Nilimwuliza shoga wanaongea nini. "Sijue," akasema. "Yeye anaongea, mimi naongea. Ila ananiuliza-uliza juu yako, ile siku ya mutoto." Sikumwamini. Nilimnunia na yeye siku mbili, ila chumvi iliniishia, ikabidi nishuke kuomba.

Siku ya kuondoka, pale Arlanda, nilipiga magoti tena. Mama akaniinua, akanipima kwa shubiri za mkono wake, bega hadi bega, kisha kiuno hadi chini, kama mtu anayempimia mteja. Akageuka akaenda zake. Njia nzima nilimwambia mume wangu kwamba mamake ananidharau, na yeye akashika usukani kama hakusikia.

Hakuja tena Stockholm. Alifariki mwaka 2011. Nilikuwa na ujauzito mkubwa wa mtoto wa pili, daktari akanikataza ndege, mume wangu akaenda kuzika peke yake. Nilikaa Alby nikalia kwa hasira, nikisema nafsini mwangu, basi, nimebaki mtu wa nusu hivyo hivyo, aliyekuwa na neno la kunipa amekwisha kwenda nalo.

Mume wangu akarudi na mfuko mzito. Kumbe mama, muuza vitambaa hadi mwisho, hakumwachia mtu kazi ya kumchagulia kitambaa cha msiba wake. Alikinunua mapema, akakikata mwenyewe, na kila fungu akaliandikia karatasi na kulibana kwa pini: la nani, yadi ngapi. Wake wa shemeji zangu yadi sita sita. Langu nililipokea kwa mikono miwili, likanishinda uzito. Karatasi ilikuwa na mwandiko wa herufi kubwa za kupindapinda: *Iyawo, Tanga. Yadi 12.*

"Shemeji yako mkubwa alidhani mama amekosea hesabu," mume wangu akasema. "Alimwuliza angali hai."

"Akajibu nini?"

"Akasema, huyo atakata tu. Mpeni cha kukata."

Nililia hadi mtoto wetu wa kwanza akaniletea taulo la jikoni, akaniuliza kwa Kiswidi nimeumia wapi. Kisha nikachukua mkasi, nikashika tumbo langu na kile kitambaa, nikashuka ghorofa ya pili.