Inchi Hamsini za Kumwona Dorine

Mwalimu Leodegari alikuwa mtu wa kupima kwanza na kuamini baadaye. Miaka ishirini na mitatu ya kufundisha fizikia ilimzoesha hivyo, na hata msiba ulipomfika alijikuta akiutafutia vipimo. Jumamosi hiyo aliingia dukani kwa Dastan, muuza runinga za mtumba wa mtaa wa Bombambili, akiwa na daftari, futi ya chuma na deki yake mwenyewe ndani ya kikapu. Mkono wake wa pili ulimwongoza mkewe, Anjelika.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mama Dorine," Dastan aliwalaki, akifuta vumbi kwenye benchi.

"Marahaba, mwanangu," Anjelika alijibu, akiigeuzia uso sauti ile, kwa kuchelewa kidogo.

Dorine, mtoto wao wa pekee, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa homa ya uti wa mgongo iliyomchukua kwa siku nne. Tangu hapo watu wengi wa mtaani waliacha kuwaita wazazi wake kwa jina lake, wakidhani wanawahurumia. Dastan hakuacha, na Anjelika alimpendea hilo. Alichobaki nacho mama huyo ni dividii moja, ya ngoma ya kioda iliyochezwa kijijini Maposeni siku ya sikukuu ya kigango cha kanisa, Dorine akiwa katika mstari wa wanawake waliovaa magauni meupe na vilemba. Kila Jumapili aliitazama kwenye kiruninga chao cha nyumbani, mpaka macho yalipoanza kumkimbia. Presha ya macho, daktari alisema. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki huenda kisimalize mwaka.

"Picha za karatasi zimenyamaza," alimwambia mumewe. "Nataka kumwona akicheka, mara moja tu. Baada ya hapo, giza na lije."

Mwalimu alifikiri kwa namna aliyoijua: jicho likidhoofika, kitu kikuzwe. Akaanza kutafuta runinga kubwa.

"Sasa hii, Mwalimu, si runinga," Dastan alisema, akiondoa shuka iliyofunika kioo kipana kilichoegemezwa ukutani. "Hii ni ukuta unaoongea. Plazma, inchi hamsini. Ukiiwasha, kuku wa jirani wanatoka bandani wakidhani kumekucha."

"Umeme?"

"Unaliwa, sikudanganyi. Inakula kama mgeni wa harusi. Na kuibeba ni watu wawili walioshiba. Siku hizi hazitengenezwi tena, ila weusi wa picha yake utautafuta kwenye hizi nyembamba za leo usiuone."

Mwalimu aliomba mlango urudishwe ili mwanga upungue. Alipima kioo kutoka pembe hadi pembe. Alitazama kutoka kushoto, kisha kulia, akakuta rangi hazififii. Akaangalia mpira wa miguu kwa dakika tano, akaridhika kwamba mchezaji anayekimbia haachi kivuli nyuma yake. Alishika mgongo wa runinga, akaandika: *joto kiasi*. Kwenye kona ya juu palikuwa na nembo ya stesheni fulani iliyogandia kwenye kioo, kama alama ya pasi kwenye shati.

"Waliokuwa nayo walikuwa hawabadilishi stesheni," Dastan alisema. "Ni baa."

Anjelika alicheka, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alijiona ana faida. Alimketisha hatua mbili kutoka kwenye kioo, akaunganisha deki, akaweka dividii. Ngoma ililia, na wanawake wenye magauni meupe wakajaa ukutani, kila mmoja kimo cha mkono.

"Unamwona?"

Anjelika alikuwa akizungusha kichwa polepole, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Naona nguo. Kipande cha nguo. Hebu nirudisheni nyuma."

Wakalisogeza benchi. Akaomba tena, wakalisogeza hadi mlangoni, na mwisho wakafungua mlango wote na kulitoa barazani.

"Hapa mstari wote unaingia," alisema. "Ila wamekuwa wadogo kama punje za mchele."

"Tangu lini unaona hivyo?"

"Tangu mwaka jana. Kama kuchungulia ndani ya bomba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza vidole, Baba Dorine. Vidole ulikuwa unaviweka mbele ya pua yangu. Nilikuwa naviona."

Mwalimu alisimama katikati ya duka, daftari mkononi. Kadiri kioo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo fungu la picha aliloliona mkewe lilivyopungua. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu angeliona hilo kwa mchoro mmoja. Yeye alikuwa amepima kila kitu, isipokuwa jicho lenyewe. Dastan alikunja shuka yake.

"Basi nitazamie wewe," Anjelika alisema kutoka barazani. "Anacheka?"

Mwalimu alikisogelea kioo. Mpiga video alikuwa amesimama mbali, na kwa ukubwa ule sura zilimegeka kuwa miraba midogo, macho na midomo ikawa matundu. Magauni yalifanana, vilemba vilifanana. Siku ya sikukuu ile yeye alibaki nyumbani akisahihisha mitihani, na Jumapili zote zile, mkewe alipokuwa akitazama, alipita nyuma ya kiti chake na gazeti. Sasa alitafuta mwendo wa mtoto wake, akakuta haujui.

"Huyu hapa," alisema hatimaye, akigusa kioo. "Wa tatu kutoka kushoto. Anacheka sana."

Anjelika alisikiliza ngoma, kisigino chake kikiifuata.

"Wa tatu ni Subira," alisema taratibu. "Dorine alikuwa anacheza mwishoni, kwa ajili ya urefu wake."

Kidole cha Mwalimu kilitambaa hadi mwisho wa mstari. Msichana mrefu aliyekuwa hapo alikuwa ameshageuka pamoja na wenzake, na kilichoonekana ni mgongo mweupe tu.

"Anacheka?"

"Sijui, Mama Dorine." Alikishusha kidole. "Mimi simjui hapa."

Anjelika aliigeuzia uso sauti yake. Kisha akajisogeza kwenye benchi, akampisha nafasi, na alipomsikia ameketi, alianza kumweleza, hatua kwa hatua, jinsi binti yao alivyokuwa akicheza.