Saa Nane Mchana, Hali Shwari

Wanafunzi walimwita Mama Geti, na hata wanawe walikuwa wameanza kumtania hivyo. Miaka saba alikaa kwenye kibanda cha geti la pili la chuo kikuu, kibanda cha bati chenye kidirisha cha kioo kilichopasuka, akikagua vitambulisho. Sura alizijua karibu zote, lakini kadi ilikuwa lazima itoke.

"Mama Geti, jana tu umeniona!"

"Jana ulikuwa wa jana. Toa kadi."

Wakacheka, wakatoa.

Kilichomchosha kilikuwa kitabu. Sera ya usalama ya chuo ilidai kwamba kila saa inapotimia, mlinzi aandike hali ilivyo: saa, maneno, saini. Kwa wino. Kufuta ni kosa, kuruka mstari ni kosa, kuchelewa ni kosa, na makosa matatu ni kwaheri. Sasa saa inapotimia ndipo vipindi vinapobadilika, wanafunzi mia mbili wanabanana getini, na mlinzi ni mmoja. Akague kadi au aandike? Waliotunga sera hiyo hawakuwahi kusimama pale hata dakika kumi. Walikaa ukumbini chini ya feni, wakapitisha kurasa arobaini na mbili, wakapigiana makofi.

Walinzi wakajitafutia njia. Aliyemfundisha ni shemeji yake, kaka wa mumewe, mlinzi wa miaka mingi pale pale. Ndiye aliyempatia kazi, mumewe alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka na mgongo ukakataa kupona.

"Shemeji, ukifika asubuhi, kabla chai haijapoa, jaza kitabu mpaka jioni. Saa moja, hali shwari. Saa mbili, hali shwari. Teremka nayo mpaka saa kumi na mbili. Halafu ndiyo uanze kazi."

"Na likitokea jambo?"

"Litokee nini? Tangu nije hapa, jambo kubwa ni mbuzi kuingia maktaba. Na hata kitabu hakuazima."

Kwa miaka saba halikutokea jambo, au lililotokea lilipita bila kuandikwa.

Jumanne moja, saa nane na robo mchana, binti wa mwaka wa pili aliingia kibandani bila kubisha hodi. Alikuwa mwanafunzi wa kemia, amelikumbatia koti lake la maabara kama mtu aliyebeba mtoto. Msimamizi wa maabara alikuwa amemwita akachukue ripoti yake, akafunga mlango kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni, akamwambia hatoki mpaka waelewane kuhusu alama. Alinusurika kwa sababu mfagizi aligonga akitaka ndoo yake.

"Kwenye semina ya usalama walituambia turipoti kwa mlinzi yeyote ndani ya saa ishirini na nne, naye ataandika," alisema huku meno yakigongana. "Andika, mama."

Mama Geti alimkalisha, akampa maji, akafungua kitabu. Wino wake wa asubuhi ulikuwa umeteremka mpaka chini ya ukurasa, mistari kumi na miwili na saini kumi na mbili. Hapakuwa na nafasi ya kupenyeza hata sindano.

"Nimekusikia, mwanangu. Nitaandika."

"Asante, mama."

Hakuandika. Alijiambia kesho atamwendea mkuu wa ulinzi, mzee waliyemwita Kifungu kwa sababu hakuweza hata kukusalimu bila kutaja kifungu cha sera. Lakini kumwambia Kifungu kulikuwa kujikaanga mwenyewe. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki tatu.

Wiki ya tatu ikaja barua. Binti alikuwa amepeleka malalamiko kwenye kamati ya nidhamu. Msimamizi alikana, akasema anachafuliwa jina kwa sababu ya alama ndogo. Mfagizi alisema alifuata ndoo tu, hakuona kitu. Naye ana mkataba wake wa kuulinda. Kamati ikaomba kitabu cha geti, ikasoma: saa nane, hali shwari, saa tisa, hali shwari. Hapo kibao kikageuka. Mshitakiwa sasa ni binti, kwa kosa la uzushi, na adhabu yake ni kufukuzwa chuo. Mama Geti aliitwa Alhamisi saa nne asubuhi kuthibitisha saini yake.

Walikaa ua mmoja na Shemeji. Jumatano jioni alikuja, akavuta kigoda.

"Utasemaje kesho?"

"Sijui."

"Sema saini ni yako, basi. Hujaulizwa lingine."

"Binti wa watu atafukuzwa."

"Na sisi ni wa ng'ombe? Nimebakiza miezi minane nistaafu. Ukisema tunajaza asubuhi, watapekua mpaka vitabu vya babu zetu."

Mumewe, amelala kifudifudi kwenye mkeka, aligeuzia uso ukutani. Kaka huyu ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali.

Alhamisi Shemeji alipangwa kumshikia geti. Mama Geti aliingia kwenye chumba cha kamati na sare yake iliyopigwa pasi. Binti alikaa pembeni, akitazama meza. Kifungu alikuwa na faili mapajani.

"Hii ni saini yako?" aliuliza mwenyekiti, mwanamke mwenye sauti ya upole isiyokuwa na haraka.

"Ni yangu."

"Uliandika kwamba saa nane hali ilikuwa shwari?"

"Niliandika."

Kifungu akaanza kufunga faili.

"Ila niliandika saa moja asubuhi," alisema Mama Geti. "Huyu binti alikuja saa nane na robo. Alitetemeka mpaka maji yakamwagika. Alinieleza yote."

Kifungu aliinuka nusu. "Mwenyekiti, shahidi amekiri mwenyewe kughushi kumbukumbu. Kwa kifungu cha kumi na tisa, neno lake halina uzito."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ni kweli, mama. Ulidanganya kitabuni. Tutajuaje kwamba leo hudanganyi kwa huruma?"

Hapo ndipo Mama Geti aliponasa. Uongo wake wa kila siku ulikuwa umeaminiwa miaka saba bila swali; ukweli wake wa siku moja ulidaiwa ushahidi. Na ushahidi ulikuwepo, ila njia yake ilipita juu ya kichwa cha Shemeji. Alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini.

"Tumeni mtu getini," alisema. "Alete kitabu cha leo."

Katibu alitumwa. Dakika zile Mama Geti alikaa ameshika magoti. Aliomba Shemeji awe hajajaza. Kisha akashtuka, kwani akiwa hajajaza, binti amekwisha. Hakujua tena aombe nini.

Kitabu kililetwa. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Saa tano, hali shwari. Saa sita, hali shwari." Aliteremka taratibu mpaka saa kumi na mbili jioni, shwari, saini. Mjumbe mmoja alipasuka kicheko, akakimeza.

Shitaka la uzushi lilifutwa pale pale, na msimamizi akapangiwa siku ya kujibu. Walinzi wawili wakaamriwa kurudisha sare kabla ya saa sita, wasubiri barua. Kifungu alibaki kitini. Kila siku aliweka saini yake chini ya kurasa zile, ukurasa kwa ukurasa, na hakuna aliyemuuliza alikuwa akikagua nini. Ndivyo usalama wetu ulivyo: wa chini hulinda, wa juu husaini, na adhabu haijui kupanda ngazi.

Nje, binti alimsubiri. "Ungeandika siku ile, mama."

"Ningeandika," alisema Mama Geti.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Shemeji alikuwa akikunja shati la sare, mkono juu ya mkono, kama nguo ya sikukuu.

"Ungenitonya tu. Ningeacha mistari wazi."

"Ndiyo maana sikukutonya. Asubuhi nilikuona umeshika kalamu, nikanyamaza."

Shemeji aliliweka shati juu ya benchi. "Wanasema tenda wema uende zako. Mimi nilitenda wema, nikakaa nao ua mmoja."

Walitoka pamoja, kwa kuwa njia ya nyumbani ni moja. Shemeji mbele, Mama Geti nyuma, jua la adhuhuri likiwachoma utosini. Walipofika uani, mlango wa chumba ulikuwa wazi, na sauti ya mumewe ikauliza kutoka ndani mbona wamerudi mapema.

Shemeji alisimama. "Mwambie wewe," alisema, akageukia mlango wake. "Mimi mdomo huo sina."