Gauni la Shukrani

Sipendi mtu aniambie ati kushona kunatuliza roho. Wamejaa kwenye simu, wanawake wenye kucha safi na meza nyeupe, wanakata vitambaa huku muziki laini ukicheza: ukiwa na mawazo, shona, yataisha. Yataishia wapi? Mimi nina cherehani ya kukanyaga sebuleni kwangu Kitale, karibu na dirisha, na mwaka aliougua Mama nilishona nikilia mpaka nikajidunga sindano kidoleni. Hakuna wazo hata moja lililoisha.

Mama alikuwa kwake, upande wa Bumula, na ugonjwa ulikuwa tumboni. Daktari alikuwa amenivuta kando akazungumza Kiingereza kingi huku akiangalia viatu vyangu. Nilielewa. Mama hakuniuliza nimeambiwa nini. Aliniambia tu nimshonee gauni, kwa sababu akipona ataita watu wa kanisa na majirani, achinje kuku, amshukuru Mungu mbele yao, na hawezi kusimama mbele ya watu na nguo kuukuu. Kitenge alikichagua mwenyewe, cha samawati chenye ndege wa manjano.

Kushona alinifundisha yeye, nikiwa mdogo, kwa sindano ya mkono. Alikuwa na sheria moja kubwa: usikate kitambaa kinachobaki ndani ya mshono. Kiache. Mtoto atakua, mwanamke atanenepa, utafumua upanue. "Akiba haiozi," alikuwa akisema, na ukikata ovyo unachapwa kofi mkononi hapo hapo. Mpaka leo nguo zangu zote ni nzito kwa ndani.

Basi nilimpima, nikashona, nikaacha akiba ya kutosha kila upande. Nilipompelekea na kumvalisha, gauni lilimteleza begani likaning'inia. Woi! Nilidhani nimekosea vipimo. Nikatoa tepu nikampima upya, kifua, kiuno, nikampima tena kwa sababu sikuamini. Sikuwa nimekosea. Ni yeye aliyekuwa amepungua.

Nilitoka nje nikamvamia wifi yangu, mke wa ndugu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza kila siku ya Mungu.

"Mnampa nini huyu mtu?"

"Nampa uji, dada. Hataki."

"Hataki nini? Mgonjwa haulizwi uji! Si unampa tu!"

Aliingia jikoni akarudi na kikombe, akaniwekea mkononi. "Haya, mpe wewe."

Nikampa. Mama alijitahidi, masikini, kwa ajili yangu. Kijiko cha kwanza kilishuka. Kilichofuata kilirudi kikamwagika kidevuni, mpaka kwenye ndege wa manjano. Wifi alimpangusa kimya kimya kwa kitambaa chenye maji. Bora angenitukana.

"Wacheni kelele," Mama alisema. "Punguza hiyo gauni, mayi. Lakini usikate. Nitanenepa."

Mayi ni mama kwa lugha yetu, na ndivyo alivyoniita siku zote, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Nikarudi nalo Kitale. Nikaingiza mshono ndani, nikakunja kitambaa kilichozidi, nikakitia uzi kisionekane. Nikalipeleka. Lilikuwa kubwa tena. Nikaingiza tena. Kila nikienda ndivyo ilivyokuwa, na kila mara aliniambia vilevile, usikate, na mimi kila mara nilitii, kwa sababu kutii ndicho kitu pekee nilichoweza kumfanyia. Mwanamke mzima, nina mkasi, nina cherehani, nina mdomo unaoogopwa mtaa mzima, na siwezi kumwongezea mama yangu nyama ya kujaza mkono wa gauni.

Siku moja jirani alikuja kuniomba chumvi, akaliona gauni mezani. "Aki iko smati! Ni ya msichana wako?"

Nilimwambia chumvi imeisha. Kopo lilikuwa pale pale mbele yetu, amelitolea macho.

Safari ya mwisho ya kulipunguza nilikwenda na mkasi na sindano mkobani, maana sikutaka kulirudisha Kitale tena. Nilimkuta amelivaa kitandani. Wifi aliniambia hataki nguo nyingine, ati watu wa kanisa wanaweza kupita wakati wowote. Nikamtania, nikamwambia bibi harusi huyu hata hajangoja shukrani. Akacheka kidogo, kisha akakunja uso, akajishika ubavuni.

"Inaniumiza hapa," alisema.

Nilipeleka mkono. Haukuwa ugonjwa. Ilikuwa ile akiba. Mikunjo yote niliyoingiza, mmoja juu ya mwingine, ilikuwa imekuwa nene, na ilikuwa inambana kati ya mbavu na godoro. Ngozi ilikuwa nyekundu. Kitu nilichokuwa nimemtunzia ndicho kilichokuwa kinamchubua, na kwa hasira nilitamani kukipasua kwa meno.

Tulimvua, wifi na mimi, tukamfunika shuka. Nikaligeuza gauni ndani nje, nikaanza kuikunja ile mikunjo upande wa pili, mahali ambapo haitamgusa. Alikuwa akinitazama.

"Kata," alisema.

"Nitaihamisha tu, Mama. Haitakuumiza."

"Nimesema kata."

Wifi aliinuka akaenda dirishani. Mimi nilichukua mkasi, nikaushika, vidole havikutaka kufunga.

"Basi nikuachie kidogo," nilimwambia. "Kidogo tu, Mama. Kama kidole hivi."

Aliniangalia kwa upole ambao sikuwahi kuupata nilipokuwa mtoto na nimekata vibaya.

"Ya nini, mayi?"

Nikakata.