Nibu za Mwalimu Munjia

Siku hizi mtoto wa Testour, mji wetu huu mdogo wa Tunisia, akienda kufanya mtihani anapitia dukani, anachukua kalamu ya kwanza anayoiona, anaingia. Wino ukiisha anaitupa. Sawa, dunia imekwenda mbele, sina ugomvi nayo. Lakini waulize waliosoma hapa enzi za kalamu za kuchovya, utaona nyuso zinavyolainika, kwa sababu hakuna aliyeingia chumba cha mtihani bila kupita kwanza mbele ya meza ya Mwalimu Munjia.

Ulikuwa mtihani wa darasa la sita, ule ulioamua nani aende sekondari na nani abaki kuchuma makomamanga ya baba yake. Ikikaribia siku yenyewe, Munjia alimwaga mezani boksi la nibu, zile ncha za chuma za kalamu, akamwita mtoto mmoja mmoja. Andika jina lako. Andika tena. Alikuwa haangalii maandishi, anaangalia mkono.

"Wewe mkono wako mzito kama wa mchinjaji," alimwambia mmoja. "Nikikupa nibu nyembamba utatoboa karatasi mpaka meza. Chukua hii pana. Haya, ilambe!"

"Nilambe, Mwalimu?"

"Ilambe, bwana! Ina mafuta ya kiwandani, wino hautashika. Unaogopa nini, umeshakula harisa ya bibi yako na pilipili zake zote ukapona."

Darasa zima lilicheka, na mtoto akalamba nibu huku amekunja uso. Kisha aliitumia siku zote zilizobaki mpaka imzoee, maana nibu mpya haikuruhusiwa kwenda mtihanini. Ya pili ilifungwa kwenye kitambaa kama akiba. Wino ulikuwa wa zambarau, na Munjia aliuchanganya mwenyewe, akaujaribu kwa kuuchorachora kwenye ukucha wa kidole gumba. Ukucha ule haukuwahi kuwa na rangi ya binadamu mwaka mzima.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu wakati huo, mwembamba, nywele kazibana nyuma, na mkali, Mungu anisamehe, mkali kweli. Kitu kimoja hakukivumilia duniani: ukurasa mchafu. Mtoto akikosea neno akalikata, Munjia aliinua daftari juu wote walione, akauchana ukurasa taratibu, kwa sauti ile ya karatasi inayokwenda mpaka kwenye meno. Halafu anasema, "Anza upya." Hakupiga mtu. Wengi wangependa awapige.

Na matokeo yalikuwa mazuri, usiseme. Wakaguzi kutoka Tunis walifungua madaftari ya Testour wakayaonyesha shule nyingine. Munjia alijivunia, na alikuwa na haki ya kujivunia. Tena alikuwa na sababu yake nyingine ya kutaka wakaguzi wamsifu: alikuwa ameomba uhamisho. Mchumba wake, Ridha, alikuwa karani wa posta Tunis, na miaka ilikuwa inakwenda, mahari imeshatolewa, nyumba imeshapangwa na kupakwa chokaa, inamsubiri yeye tu.

Mwaka huo darasani alikuwamo Naziha, binti wa Larusi muuza jibini. Kijitoto kidogo, kimya, mkono mwepesi kama wa mtu anayeogopa kuamsha karatasi. Munjia alimtafutia nibu nyembamba kuliko zote, na moyoni mwake alikuwa ameshamweka sekondari. Darasani alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe usipofaulu, nitaacha kazi." Akacheka, na Naziha naye akacheka.

Karatasi za majina zilipobandikwa ukutani mwezi wa Juni, Naziha hakuwamo.

Munjia alizisoma kutoka juu kwenda chini, akarudi chini kwenda juu. Akamfuata mtoto nyumbani kwao, akamkuta anakamua maziwa ya mbuzi, macho yamevimba.

"Naziha, mwanangu, ilikuwaje?"

"Insha, Mwalimu. Ya mavuno ya zeituni."

"Hukuijua?"

"Niliijua. Nilikuwa karibu kuimaliza yote. Kule mwisho nikakosea neno moja. Basi nikaichana, nikaanza upya. Kengele ikalia niko katikati."

Munjia alisimama pale na mkoba wake, asijue auweke wapi. "Neno moja tu? Mtoto wee, kwa nini hukulikata ukaendelea?"

Naziha alimtazama kama vile swali lenyewe halina akili. "Si wewe ungeuchana?"

Wallahi, yapo maneno mtu anaambiwa na mtoto akayabeba mpaka kaburini. Munjia alikwenda nyumbani, akakaa kitandani na viatu vyake, na ile sauti ya karatasi aliyokuwa akiwachania watoto wa watu miaka yote ile aliisikia yeye sasa. Alilia, na hakulia kwa ajili ya Naziha peke yake.

Asubuhi yake Bwana Tijani, mwalimu mkuu, mzee wa kofia nyekundu na kikohozi cha tumbaku, alimwita ofisini anacheka mpaka masikioni. Uhamisho umetoka. Shule nzuri, katikati ya Tunis, Oktoba anaanza. "Nenda kafunge mizigo, binti yangu. Tutakulilia, lakini tutakula harusi."

Munjia alisema asante. Akatoka hapo, badala ya kwenda kufunga mizigo akaenda sokoni.

Larusi alikuwa mtu mkubwa, mpole kwa wateja na mgumu kwa wengine wote. Alikuwa anageuza jibini mbichi kwenye vikapu vidogo, na hakuacha kazi.

"Baba Naziha, nimekuja kwa ajili ya mtoto. Arudie mwaka."

"Hapana, Mwalimu. Tulikubaliana atajaribu mara moja tu. Nina watoto sita, na shangazi yake kule Mejez anataka msaidizi wa kushona. Mwezi ujao anakwenda."

"Ana akili kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

"Kama ana akili mbona kafeli?"

"Hakufeli yeye. Nimefeli mimi."

Hapo Larusi akaacha jibini. Akamtazama mwalimu huyu ambaye mji mzima ulikuwa ukimwogopa, na Munjia akamweleza yote bila kujipendelea: kurasa alizokuwa akizichana, neno moja, kengele. Wanunuzi wawili walisimama kusikiliza, Larusi akawafukuza kwa mkono wenye maji ya jibini.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyefeli," alisema mwishowe.

"Mimi."

"Basi urudie wewe!" Akacheka kwa nguvu. "Nasema kweli, lakini. Akirudi darasani, utamfundisha wewe mwenyewe. Siyo mwalimu mgeni atakayekuja hapa na mambo yake mapya. Wewe ulimharibu, wewe umtengeneze. Ukikubali, shangazi atasubiri. Hukubali, mtoto anakwenda Mejez."

"Nimekubali," Munjia akasema.

Alikuwa ameshafika kwenye kona ya msikiti ndipo akakumbuka Oktoba, na nyumba iliyopakwa chokaa. Angeweza kurudi. Larusi hakujua lolote kuhusu uhamisho, mtoto vilevile. Alisimama pale muda mrefu, wapita njia wanamsalimu hajibu. Kisha akaenda kwa Bwana Tijani, akamwomba aurudishe uhamisho Tunis, na awaambie watu serikali imeukataa.

"Una wazimu, binti yangu?"

"Labda."

"Na Ridha?"

"Ridha nitamwambia mwenyewe."

Ridha alikuja kwa basi, kavaa suti, kashika sanduku la peremende. Walikaa kwa mama yake Munjia, mlango wazi kama desturi. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamsema vibaya. Alimwuliza mara nyingi kwa upole, "Mtoto wa muuza jibini, Munjia? Kwa ajili ya mtoto wa muuza jibini?" Munjia akasema ni mwaka mmoja tu. Ridha akasema mwaka wa tatu sasa anaambiwa mwaka mmoja tu. Peremende aliziacha. Kabla ya majira ya baridi kuisha tukasikia ameoa, mke kutoka Sfax.

Mwaka ule wa pili, ah, laiti ungeuona! Siku ya kwanza Munjia alitoa imla, akawaambia watoto: atakayeniletea ukurasa usio na neno lililokatwa, sisahihishi. Watoto walitazamana. Wengine walidhani ni mtego.

"Mstari mmoja," aliwaambia. "Kwa rula. Siyo kuchorachora kama kuku kakanyaga wino, siyo kukwangua kwa wembe mpaka karatasi itoke matundu. Mstari mmoja, neno sahihi juu yake, unaendelea. Msahihishaji hana haja na uzuri wako, anataka kujua ulikusudia nini."

Walijifunza kukosea. Walikosea kwa makusudi, wakakosea vituko, wakakata majina ya wenzao wakaandika "punda" juu yake, na Munjia, yule yule, akacheka nao. Lakini Naziha alikuwa hawezi. Akikosea, macho yalianza kutafuta karatasi mpya. Jioni Munjia alibaki naye. Alimwandikia sentensi, akakosea yeye mwalimu, akakata, akaandika juu. Siyo rahisi, nakuambia. Ukurasa mchafu ulimkera bado, ulimwasha kama upele. Walikaa wawili wakiukodolea macho ukurasa wenye makovu mpaka wote wawili wakauzoea.

"Mbaya, Mwalimu," Naziha alisema siku moja.

"Mbaya sana," Munjia akakubali. "Lakini umekwisha. Angalia, una mwisho."

Juni ikarudi. Walimu walikuwa hawaruhusiwi kukaribia vyumba vya wanafunzi wao, kwa hiyo Munjia alisimama nje ya geti na akina mama na Larusi, juani, hajanywa hata maji. Kengele ilipolia watoto wakamwagika nje. Naziha alitoka wa mwisho, wino wa zambarau kwenye kidevu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza." Alikuwa anahema. "Ukurasa wa pili nilikata mstari mzima, Mwalimu. Mzima! Kisha nikakata na mwingine."

Munjia alimkumbatia mbele ya watu, yeye ambaye hakuwahi kumshika mtoto hata bega, na Larusi akageuza uso akajifanya anatafuta punda wake. Majina yalipobandikwa, la Naziha lilikuwa la tatu kutoka juu.

Tangu hapo ni miaka mingi. Kalamu za kuchovya zimekwisha, vidau vya wino vimeng'olewa kwenye madawati, na Munjia alifundisha palepale mpaka alipostaafu, hakuolewa. Uhamisho hakuuomba tena. Naziha akawa mkunga kule Beja, na kila Idi anakuja na wanawe kumsalimia mwalimu wake kabla hata ya kwenda kwa ndugu zake, anapika chai mwenyewe, anamkemea kwa kutokula.

Idi iliyopita alikuwa anamenya lozi, akatazama kile chumba kimoja, kitanda kimoja, kikombe kimoja kwenye sahani, akakasirika ghafla kwa mapenzi.

"Mimi serikali ile siisamehe," alisema. "Kukunyima uhamisho, mwalimu kama wewe! Ungekuwa na nyumba Tunis leo. Ungekuwa na watoto wako. Walikuwa hawana hata huruma."

Mji mzima tunajua nani aliyeurudisha uhamisho ule. Bwana Tijani hakuwa mtu wa kutunza siri, Mungu amrehemu. Hata Larusi aliambiwa alipokuwa anakufa, akalia. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia Naziha, na mji huu unasema kila kitu.

Munjia alimtazama mkunga huyu mwenye mvi za kwanza, mikono imejaa maganda ya lozi, wanawe wakipiga kelele uani.

"Hawakuwa nayo, mwanangu," akasema. "Hebu nimiminie chai."