Kisu cha Manowari Kwenye Nikaha ya Mwanangu

Chekeni mkitaka, maana Malindi nzima imeshacheka, na wale wa Mtwapa bado wanacheka kila nikienda kuwaona wakwe. Mimi ndiye yule baba aliyemvisha mwanawe kisu cha Mzungu siku ya nikaha.

Ugonjwa wangu ni visu vya manowari. Si vya jikoni, ni vile virefu vyembamba ambavyo maafisa wa jeshi la majini la zamani walikuwa wakivining'iniza kiunoni siku za gwaride, mpini wa pembe nyeupe, ala ya ngozi, nanga imechorwa kwenye bapa. Mzungu mzee akifa Kilifi na watoto wake wakija kuuza vyombo vya nyumba, mimi niko mlangoni kabla ya wauza fanicha (mke wangu husema nanusa maiti kutoka Malindi), na kabati zima sebuleni nimelijaza.

Na niwaambieni ukweli, ingawa unaniuma: nilianza kununua majambia ya watu baada ya la kwetu kwenda kwa kaka yangu Salim. Ni jambia la ukoo, lenye ala ya fedha, alilivaa babu, akalivaa baba, tukalivaa mimi na Salim siku za harusi zetu. Baba alipofariki, Salim kwa kuwa ndiye mkubwa akasema matangani mbele ya watu, "Litakaa kwangu. Atakayeoa aje alichukue." Wenzangu walisikia mwaliko, mimi nikasikia nimenyimwa. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kichwa, na tunakaa mtaa mmoja.

Basi mwanangu Nassir alipopata mchumba Mtwapa, mke wangu akaniambia, "Nenda kwa shemeji ukaombe jambia, ni hapo tu, hata viatu huna haja ya kuvaa." Nikasema siendi. Uamuzi mdogo, huo tu. Mwanangu atavaa kisu changu kizuri kuliko vyote, kile chenye vichwa vya simba kwenye vifungo, na Salim atakaa aangalie. Hata kadi yake nilimpelekea kwa mkono wa jirani, kama mgeni.

Sasa sikieni ujinga wa mtu anayejidai mjuzi. Kisu hicho kina kitufe karibu na mpini, ndicho kinachokizuia kisitoke alani, na kilikuwa kimeshika kutu, kwa hiyo jana yake nikakitia mafuta ya nazi, nikakibonyeza, nikakitia tena, mpaka kikawa laini (laini mno, hakishiki tena kitu, na mimi nikajisifu). Kisha jambia letu huchomekwa mkandani mbele ya tumbo likatulia, lakini kisu cha manowari kinaning'inia kwa mikanda mirefu hadi pajani, kwa sababu afisa husimama wima, haketi chini kwenye zulia. Hayo nilikuwa nayajua, ningeweza kuwapa darasa. Siku ile hayakunijia.

Alasiri, msikiti umejaa. Nassir na joho lake na kilemba akafika mbele ya sheikh na mkwewe, Mzee Twalib, akainama akae. Kisu kikapinduka, kikachomoka chote, kikadunga zulia kando ya goti la Mzee Twalib.

Sauti ikatoka upande wa kina Twalib: "Mmekuja kuoa au kuchinja?"

Watu wakacheka, na pengine yangeishia hapo, lakini sheikh akakiokota, akakigeuza kwenye mwanga, akaona taji, na juu ya taji msalaba mdogo.

"Bwana Abeid, hiki ni kitu gani?"

Mwenye akili angeomba radhi akakaa. Mimi, wallahi, nikasimama nikaanza kueleza taji ni la nani, maafisa wa cheo gani, pembe ya mnyama gani, nikafika hadi kusema nyumbani ninavyo vingine, mpaka Nassir, bila kugeuka, akasema, "Baba, nakuomba, nyamaza."

Mzee Twalib alikuwa ameshanyoosha mkono aozeshe. Akaurudisha mapajani. "Binti yangu simtoi kwa mzaha."

Hapo ndipo Salim alipoinuka safu ya nyuma. Ubavuni alikuwa na kitu kimefungwa kitambaa cheupe, nami nilipokiona tu nilijua ni jambia letu. Hakuombwa, na alikuja nalo. Akanipita bila kunitazama, akamvua Nassir mikanda yangu, akanishikisha, akamchomekea mtoto jambia la baba.

"Tuwie radhi, Mzee wangu," akamwambia Twalib. "Mtoto huyu ana kwao. Alivishwa vibaya tu."

Mzee akatoa mkono. Nikaha ikafungwa. Katika kila picha ya siku ile mimi niko pembeni na ala tupu, kama mtu aliyebaki na kamba baada ya mbuzi kutoroka.

Sinunui tena kisu, hadi naingia kaburini, na kabati nimelifunga. Nilidhani nimeshalipa. Juzi mdogo wake Nassir, Fadhili, alikubaliwa posa Gongoni, nami nikajikaza, nikavaa kofia, nikamwambia, "Twende kwa ami yako tukaombe jambia, mimi na wewe."

Akainamisha kichwa. "Nilishakwenda, Baba. Liko chumbani kwangu. Ami amesema usijisumbue."

Nikavua kofia, nikakaa. Harusini nitakwenda, nitafanyaje, na nitakaa safu ya nyuma pale alipokaa Salim. Yeye lakini alikaa pale akiwa na kitu cha kumpa mwanangu.