Kadi Niliyompa Kaka

Televisheni ya kaka yangu ilikuwa bubu. Picha ipo, sauti hakuna, na fundi wa Ujiji alishaitazama akasema basi tena. Ndipo kaka aliponisimamisha pembeni ya kioo, kwenye banda umiza lake la kuonyeshea mpira kwa kiingilio pale Buzebazeba, akaniambia, "Wewe si una mdomo? Haya, tangaza." Nikatangaza. Nusu ya wachezaji sikuwajua, majina mengine nikayatunga mwenyewe, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jumamosi iliyofuata wakarudi na wenzao. Huo ndio mwanzo wangu. Anayesema nilianzia chuoni ni mwongo, hata kama anayesema hivyo ni mimi mwenyewe kwenye wasifu wangu.

Mengine yalikwenda haraka. Dar es Salaam, mtangazaji, mtayarishaji, kisha mkuu wa idara ya michezo wa kampuni ya televisheni ya kulipia. Cheo hicho kilikuja na king'amuzi na kadi ya bure ya kutumia nyumbani. Yangu niliipeleka Ujiji. Nilimkabidhi kaka mkononi nikasema, "Hii haikatiki ng'o." Nilikuwa na kiburi cha kijinga siku ile. Kaka akanunua televisheni mpya, akaongeza mabenchi, akaachana na uvuvi.

Baadaye kampuni ikanifanya mkurugenzi mtendaji. Mpira nikawa nauona vipande vipande, kati ya kikao na kikao. Jengo zima, hata wenye mvi kunizidi, walinipa shikamoo, na mdomo wangu ukazoea kuitikia kabla sijatazama ni nani. Kazi yenyewe sikuipenda. Nilipenda heshima yake, nisikufiche.

Mwaka huu mwanasheria wetu aliniletea orodha ya kadi za wafanyakazi zilizokuwa zikitumika kibiashara mabandani, ili zizimwe. Namba tupu, na mkoa pembeni. Ya Kigoma ilikuwa moja tu. Niliijua. Ningeweza kusema, "Hii ni yangu, nipeni siku mbili nimlipie ndugu yangu ya biashara." Neno dogo tu hilo! Lakini mkurugenzi anakiri vipi mbele ya mwanasheria wake kwamba mwizi ni yeye? Nikasaini. Nikajiambia nitampigia kaka jioni. Jioni nikawa na wageni, kesho yake nikawa na safari.

Kadi ilizimika Jumamosi, dakika ya kumi ya mechi ya watani wa jadi, banda limefurika hadi mlangoni. Kaka alinipigia mara tatu. Nikamtumia ujumbe: "Nipo kikaoni." Watu walimwita tapeli, wakavunja mabenchi, televisheni ikaangushwa chini. Haya yote nilisimuliwa na mama kwa simu. Kaka hakupiga tena.

Ijumaa nikapanda ndege. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitamnunulia televisheni, nitamlipia kadi halali, nitamwambia saini ilikuwa yangu, nitamwomba radhi. Nilimkuta ufukweni, amerudia dagaa, anawaanika pamoja na majirani waliokuwa wateja wake. Wengine wao ndio waliocheka zamani kwa majina yangu ya kutunga. Nilivua viatu. Mchanga ulikuwa wa moto. Nikamsogelea mkubwa wangu ili nimwamkie kwanza, mengine yafuate.

Akaniwahi. Aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mkurugenzi."

"Marahaba," nikasema.

Lilitoka lenyewe, kama ofisini. Yarabi! Kaka yangu aliyenibeba mgongoni, nimempa marahaba mbele za watu! Jirani mmoja aliacha kazi akanikodolea macho. Mwingine aliguna, akatazama pembeni. Nilitamani kulimeza neno lile, likawa limeshapita.

"Shikamoo kaka," nikasema. "Kaka, shikamoo."

Hakuitikia. Alichuchumaa tena, akaendelea kuwatenga dagaa na mchanga. Nilisimama pale na viatu mkononi mpaka majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Yale maneno niliyoyapanga ndegeni sikusema hata moja, na ile shikamoo yangu hajaiitikia mpaka leo.