Zakiya, Mpiga Picha wa Kufuta

Kazi ya Zakiya ilikuwa kupiga picha, lakini kilichompa jina mtaani Kibokoni ni kufuta. Siku ya kupamba, sherehe ya harusi wasiyoingia wanaume, wanawake wakishavua mabuibui na bibi harusi ameketishwa jukwaani, simu zote hukusanywa mlangoni kwenye kapu la ukindu, na kamera inayobaki ukumbini ni moja tu, ya Zakiya. Shughuli ikiisha haondoki na picha za watu mkobani. Huketi na mwanamke mkubwa wa nyumba, akahamisha kila kitu kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski yake yenye kufuli, kisha akaifuta kadi mbele ya macho ya mama yule. Wala haifuti kijuujuu. Huiandika sufuri tupu mwanzo hadi mwisho, hata chai ipoe mara mbili. Inabaki nakala moja. Akimaliza kuitengeneza filamu huwakabidhi wenyewe, na ile ya kwenye diski nayo huifuta.

Wajuzi wa kompyuta husema nakala moja ni sawa na kukosa. Zakiya alilijua hilo. Lakini kwa wanawake wa Mji wa Kale nakala ya pili ni mlango wa pili, na wao mlango mmoja tayari uliwatosha kwa wasiwasi.

Tahadhari hiyo hakuzaliwa nayo. Zamani alipeleka kompyuta yake kwa fundi mmoja wa mjini isafishwe virusi, na baada ya wiki mbili picha ya bibi harusi wa watu, kichwa wazi na mabega nje, ikawa inazunguka kwenye simu za wanaume. Hakuna aliyethibitisha lolote. Bibi harusi yule alikaa kwao miezi minne kabla mumewe hajakubali kumrudisha, na Zakiya akakaa mwaka mzima bila kuitwa popote. Ndipo alipoapa kwamba hakuna fundi mwanamume atakayeitazama tena mashine yake, na kwa kuwa fundi wa kike hakumpata, ilibidi fundi awe yeye mwenyewe.

Aliyemfundisha ni Kahindi Mung'aro, mwalimu wa kompyuta kwenye sekondari moja ya Tudor, Mgiriama mpole anayeimba kwaya Jumapili. Ndiye aliyemshauri aweke Linux, mfumo usiodai leseni wala kushikwa na virusi kila juma, na diski aifunge kwa neno la siri. Siku ya kwanza, kabla hajaombwa, alikigeuza kiti chake kikatazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, na kaka yake Zakiya, Zakariya, alikuwa kibarazani na gazeti lake.

"Mimi nitasema, Bi Zakiya," Kahindi alimwambia. "Wewe utabonyeza na kunisomea kinachotokea. Macho yangu hayana kazi hapa."

Wakasoma hivyo Jumamosi thelathini, mwalimu akikitazama kichochoro na mwanafunzi akikisomea kisogo chake. Zakariya aliwacheka. Hajapata kuona, alisema, daktari anayepasua mgonjwa akiwa chumba cha pili.

Kila alichosikia Zakiya alikiandika kwenye daftari la jalada gumu, maelezo kwa wino wa buluu, amri kwa wino mwekundu. Sauti ikipotea, tazama kwanza kama kompyuta haiipeleki kwenye kebo ya televisheni. Programu ikiganda, iue hiyo peke yake, usiiue mashine. Diski ikijaa, anza na pipa la taka. Usichomoe flashi kabla hujaiaga. Na juu ya ukurasa wa kwanza, ndani ya kisanduku alichokichora kwa rula, kanuni aliyoiona mama wa zote: mambo yakikwama kabisa, zima kwa taratibu, hesabu hadi kumi, washa. Kwa miaka saba kisanduku hicho kilimwondolea nusu ya matatizo yake. Wanawake wenzake walimletea kompyuta za watoto wao zilizogoma, naye alizizima, akahesabu, akaziwasha, wakaondoka wakimwombea dua.

Juma moja diski ilikuwa na harusi moja tu, ya binti wa Sheikhan, mwanamke aliyekaa vichochoro viwili kutoka kwake. Filamu ilikuwa imechelewa kwa ajili ya msiba. Siku tano baada ya harusi alifariki mama yake Sheikhan, Bi Nana, na kwa mwezi mzima hakuna aliyekumbuka habari za filamu. Kisha Sheikhan akapiga simu. Alhamisi itakuwa arubaini ya mama. Wanawake wa ukoo watakuja kusoma khitma, na khitma ikiisha angependa wamwone mama.

Zakiya alielewa anaombwa nini. Bi Nana alikuwa mtu wa sitara. Maisha yake yote hakukubali kupigwa picha. Iliyopo ni ya kitambulisho, imefifia hata wajukuu hawamjui ni nani. Isitoshe, miaka mitatu ya mwisho hakutembea ila kwa kushikwa. Lakini siku ile ya kupamba, ngoma ilipofika kwenye nyimbo za kizamani, aliinuka kitini peke yake, akaingia katikati ya ukumbi na leso yake mkononi, akacheza na kuimba. Sheikhan hakuona. Alikuwa uani akigombana na wapishi juu ya biriani. Aliporudi mama ameshaketi, na watu wanafuta machozi.

Jumanne asubuhi Zakiya aliketi kuimaliza kazi. Diski ilikuwa imechomekwa na kufunguliwa, filamu iko kwenye kioo, ila programu ya kutengenezea ilikuwa ikijifunga yenyewe kila baada ya dakika chache. Linux yake ilikuwa imezeeka. Aliamua kuandaa flashi ya kusakinishia mpya, jambo alilolifanya mara nyingi, na maelezo yake yako ukurasa wa kumi na nne. Akachomeka flashi. Akaunakili ule mstari mwekundu herufi kwa herufi, ule unaoishia na sdb, jina la mahali pa kuandika. Akausoma mara mbili kama kawaida yake, akabonyeza.

Kazi ilipokwisha aliona dirisha la filamu limeganda. Halikumtisha. Alijaribu kulifunga, likakataa. Alijaribu tena, likakataa. Akafungua ukurasa wa kwanza, ingawa aliujua kwa moyo. Akazima kwa taratibu. Akahesabu hadi kumi. Akawasha.

Kompyuta haikumwuliza neno la siri la diski. Flashi ilikuwa tupu vilevile kama alivyoitoa mkobani. Diski ya harusi ndiyo iliyojitokeza kwenye kioo, ikiwa na jina la Linux mpya.

Kahindi alikuja baada ya shule, akateremka tuktuk karibu na Ngome akamalizia kwa miguu. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, lakini kiti alikigeuza kuelekea mlangoni kama zamani. Zakariya alikaa kibarazani bila gazeti.

Kahindi alimwomba Zakiya amsomee ukurasa wa kumi na nne. Akamsomea. Mwalimu akauliza kama juu ya mstari ule hakuna mwingine, ule wa lsblk, amri ya kuiuliza kompyuta ni diski zipi zimo na kila moja imepewa jina gani leo. Hakukuwa na mstari mwingine. Siku ya somo hilo Zakiya aliuliza, kompyuta ikamjibu kwamba flashi ni sdb, naye akaliandika jibu kwa wino mwekundu. Swali hakuliandika. Majina yale hutolewa kwa foleni, inayotangulia kuchomekwa hupata sdb, na katika miaka saba diski ya harusi haikuwahi kuitangulia flashi mpaka asubuhi ile.

"Kadi ya kamera?" Kahindi aliuliza.

"Niliifuta. Bi Nana mwenyewe ndiye aliyekaa nami. 'Futa mwanangu, nione,' akaniambia. Na toka hapo nimeipigia harusi mbili nyingine, zimekwisha kabidhiwa."

Kahindi akaeleza polepole, akiuambia mlango. Neno la siri halifungui diski moja kwa moja. Mwanzoni mwa diski kuna kikasha, na ndani yake ufunguo wenyewe; neno la siri hufungua kikasha. Linux mpya imeandikwa juu ya kikasha hicho. Picha karibu zote zimo bado, hazijaguswa, ila hakuna tena cha kuzifungulia. Kama angekuwa na nakala ya kikasha, nakala ndogo tu ya kuingia popote, ingetosha. Zakiya hakuwa mtu wa nakala.

"Ulipoona imeganda ulifanya nini?"

"Nilizima. Nikahesabu kumi. Nikawasha."

Kisogo cha Kahindi kikainama. Zakiya akasema, "Usinifiche, Mwalimu."

"Ilipokuwa imewaka, ufunguo ulikuwa bado ndani ya kumbukumbu yake. Diski ilikuwa wazi. Ungeiacha vilevile ukaniita, tungezitoa picha, tukakosa chache za mwanzo." "Ikizimwa husahau. Kanuni ile nilikupa mimi, Bi Zakiya."

"Ulinipa wewe," Zakiya alisema. "Kisanduku nilikichora mimi."

Hata hivyo walijaribu. Kahindi alimtajia amri, Zakiya akaandika na kumsomea majibu, kama Jumamosi zile, ila sauti zote mbili zilikuwa chini. Walitafuta kikasha cha pili ambacho mfumo huweka karibu na cha kwanza. Kilikuwa karibu mno, nacho kimefunikwa. Walipekua diski kipande kwa kipande. Zakiya alisoma tarakimu na herufi zisizo na maana mpaka koo likakauka, na Kahindi akawa anasema, "Endelea," kisha akawa anatikisa kichwa tu, kisha hata kichwa kikatulia. Adhana ya alasiri ilikuwa imepita kitambo.

Zakiya akaondoa mikono juu ya vibonyezo.

"Geuka, Mwalimu. Hakuna cha kuonekana."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba ameambiwa yeye. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia nyumba ile, akakitazama kioo. Mistari na mistari ya tarakimu. Akaitazama kidogo, halafu akainamisha macho, kama mtu aliyefungua mlango usiokuwa wake.

Jumatano asubuhi Zakiya alivaa buibui lake akaenda kwa Sheikhan na diski mkononi. Alipiga hodi, wakaamkiana sabalkheri, wakaulizana hali za watoto na za afya, maana hata habari mbaya haiingii nyumba ya watu bila salamu. Sebule ilikuwa imeshaandaliwa. Mikeka imetandikwa, na televisheni kubwa ya chumbani imeletwa ikawekwa juu ya meza, kwenye ukuta wa mbele, mahali ambapo kila mtu ataiona.

Alimweleza yote. Hakuficha mstari mwekundu wala kuhesabu kumi. Sheikhan alisikiliza akiishika diski kwa viganja viwili.

"Lakini mama yumo humu," alisema.

"Yumo."

"Na hatoki."

"Hatoki, Sheikhan. Si leo wala siku nyingine."

Zakiya alikuwa amejitayarisha kwa matusi, na angeyapokea. Sheikhan hakutukana. Aliiweka diski juu ya meza, chini ya televisheni, akaketi mkekani na kumvuta Zakiya naye aketi.

"Basi nambie wewe. Kila mtu aniambia lake. Mmoja asema alicheza sana, mwengine asema alisimama tu. Mmoja asema alicheka. Wewe ndiwe uliyekuwa na jicho juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Mama alikuwaje?"

Zakiya alifumba macho. Aliiona taa ya ukumbi iliyokuwa ya manjano mno, akakumbuka alivyoirekebisha. Aliiona alama ya betri, imebaki kidogo. Aliuona mshale wa sauti ukiruka kwa sababu ajuza alikuwa karibu na ngoma, na kidole chake mwenyewe kikiupunguza. Wimbo gani, hakujua. Masikioni alikuwa na vile visikizio na alikuwa akisikiliza mkwaruzo, si maneno. Dakika nne na sekunde kumi na mbili, hilo alilijua kwa yakini. Uso aliutafuta, akaukosa. Uso alikuwa ameiachia kamera.

"Alikuwa na leso yake," alisema mwishowe. "Leso nyekundu. Aliipunga hivi."

Sheikhan aliuangalia mkono ule ukipunga.

"Ilikuwa ya buluu," alisema. "Naliifua mimi."

Uani mtu alikuwa akichambua mchele wa kesho, na mawe madogo yalisikika yakitupwa kwenye sinia moja baada ya jingine. Kisha Sheikhan aliinuka, akachomoa waya wa televisheni ukutani, akauviringisha vizuri.

"Nishikie huku," alisema. "Tuirudishe chumbani."

Zakiya akashika upande mmoja, Sheikhan akashika wa pili, wakaibeba kwa hadhari wasije wakaigonga mlangoni.